Pete Mbili

Jumamosi nilimwaga oili mwenyewe.
Nasema mwenyewe kwa sababu Ludomir yuko Norwei,
anapaka rangi matumbo ya meli,
na trekta halijui kungoja mtu arudi Krismasi.

Ni trekta dogo, la mtumba, la Kijapani.
Lilifika kwetu Grójec na herufi zake juu ya vitufe,
hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuzisoma.
Tunajua tu: hiki chekundu usikiguse,
hiki cha kijani ndicho kiinuacho jembe.

Filta kuukuu ilikataa mkono,
nikaifungua kwa mkanda wa suruali.
Nikapaka oili safi mdomoni mwa filta mpya, kwa kidole,
kama umpakavyo mtoto mafuta ya midomo wakati wa baridi.
Nikafunga. Nikajaza. Nikawasha.
Nikamtumia Ludomir picha ya mikono yangu,
nyeusi hadi viwikoni.
Akajibu kwa dole gumba moja la njano.

Jumapili, baada ya misa, kadibodi chini ya injini
ilikuwa na doa la upana wa sarafu.
Saa nane, la upana wa sahani.

Jirani Ziemowit akachungulia juu ya ua: Kaza.
Nikakaza.
Likavuja zaidi.
Basi umekaza mno, akasema.
Wako watu hawakosei kamwe,
kila neno lao lina mlango wa nyuma.

Nikabadilisha wosha ya shaba kwenye boliti ya chini. Bado.
Nikaosha injini kwa dizeli, nikaikausha,
nikainyunyizia poda ya mtoto hadi ikawa nyeupe pee
kama andazi lililoviringishwa kwenye sukari,
nikawasha, nikalala chali juu ya saruji,
tochi mdomoni,
nikingoja weupe useme.

Ukasema.
Mstari mwembamba wa kahawia
ukishuka kutoka kwenye filta.

Basi ni filta. Basi ni Walenty, aliyeniuzia.
Nikampigia simu dukani kwake, Warka.
Nikasema: feki. Nikasema na zaidi ya feki.
Alinisikiliza hadi nilipoishiwa,
kisha akauliza jambo moja tu:
Ile pete ya zamani, bibi, uliiona ikitoka?
Nikamkatia simu.

Nje matufaha yalikuwa yanaanguka yenyewe,
pu, kimya kirefu, pu.

Nikaifungua filta polepole,
kama mtu anayefungua barua isiyo yake.
Pete yake ya mpira ilikuwepo, laini, changa.
Halafu nikapitisha kidole juu, kwenye uso wa injini,
kidole kikakwaa.
Ukingo.
Nyeusi juu ya nyeusi, imeganda pale
tangu filta yake ilipong'oka bila kuaga.
Nilikuwa nimeifuta mara mbili kwa tambara
nikidhani nafuta chuma.

Niliibandua kwa ukucha. Ilitoka nzima.
Nilikaa nayo kiganjani kitambo.
Ya ndoa ilikuwa mfukoni mwa aproni,
huwa naivua nikishika spana.
Hapo sina la kuongeza. Huu ni mpira tu.

Alhamisi nikabeba kreti ya matufaha hadi Warka,
yale mazuri, yasiyogusa ardhi.
Njiani niliandaa hotuba, ikaishia mlangoni.
Nikaweka kreti kwenye kaunta, na pete juu ya matufaha.
Walenty aliiokota, akaigeuza kwenye mwanga,
akaitundika kwenye msumari nyuma yake
ambako nyingine kumi na kitu zilikuwa zinaning'inia.
Ya tatu kutoka chini, akasema, ni yangu mimi.
Akachagua tufaha, akalisugua kwenye shati.

Kadibodi sijaiondoa.
Kila asubuhi, kabla ya chai, naenda na tochi,
nainama, naitazama.
Kavu.
Nainama tena.